Kujitetea Hadi Kuua: Sharia na Sheria ya Nchi Zinasemaje?

(Haya ni maandishi ya mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi mjini Sondu, baada ya swala ya Alasiri ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhan. Yameachwa karibu kama yalivyosemwa, pamoja na maswali yaliyoulizwa mwishoni.)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.



Najua wengine mmekuja mkitarajia kusikia juu ya fadhila za kumi la mwisho au hukumu za zakatul-fitr. Lakini vijana waliokaa kupanga mada za mwezi huu waliandika swali moja kwenye karatasi, wakanikabidhi mimi. Swali lenyewe ni hili: mtu akija kukuua, au kukuibia, unaruhusiwa kumuua?

Mimi si sheikh, na bado si wakili. Ni mwanafunzi wa sheria chuo kikuu, na kabla ya hapo nilikaa madrasa miaka mingi kama wengi wenu. Kwa hiyo nitasema niliyosomeshwa upande huu na upande ule. Nikisema Sharia, nakusudia hukumu za dini yetu. Nikisema sheria, nakusudia sheria ya Kenya, ile ambayo jaji wa Kisumu au Kericho atakuhukumu nayo.

KWA NINI TUZUNGUMZE HAYA SONDU?

Sisi tunaishi mpakani. Upande huu Kisumu, upande ule Kericho, na Homa Bay haiko mbali. Siku ya soko Mjaluo, Mkipsigis, Mkisii na Muislamu wa kabila lolote wanabanana pale pale, huyu anauza nanasi, yule anauza ndama. Hiyo ni neema. Lakini tunajua pia upande wa pili wa neema hiyo. Mwaka 1992, katika vita vya kikabila vilivyotangulia uchaguzi wa vyama vingi, Sondu ilimwaga damu. Mwaka 2023 mapigano yakazuka tena hapa hapa, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Mara nyingi cheche ni ng'ombe walioibwa usiku, au uvumi tu kwamba wameibwa.

Na kila mara, mkimuuliza kijana aliyeshika panga au upinde, jibu lake ni moja: "Tulikuwa tunajitetea." Upande huu wanasema hivyo, na upande ule wanasema hivyo hivyo. Sasa, haiwezekani wote wawe wanajitetea. Ndiyo maana ni lazima tujue maana ya neno hili kabla ya usiku wa kulihitaji.

HAKI YENYEWE IPO

Nianze kwa kuondoa shaka. Haki ya kujitetea ipo, katika dini na katika sheria. Asije mtu akawaambia kwamba Muislamu mwema anakaa kimya achinjwe na watoto wake.

Katika Hadithi aliyoipokea Sa'id bin Zayd (R.A.), Mtume (S.A.W.) amewahesabu kuwa mashahidi wale wanaouawa wakitetea mali yao, nafsi yao, dini yao na ahli zao. Na katika Sahih Muslim kuna mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) afanye nini mtu akija kutaka kuchukua mali yake. Akaambiwa asimpe. Je, akinipiga vita? Akaambiwa naye apigane naye. Je, akiniua? Akaambiwa utakuwa shahidi. Je, nikimuua mimi? Akaambiwa yule atakuwa ni mtu wa Motoni.

Vijana wengi tunaijua Hadithi hii na tunapenda kuisema. Lakini tazameni vizuri mpangilio wake. Hakuambiwa apigane mpaka alipouliza itakuwaje yule mtu akianza vita. Na katika Sunan ya Imam Nasai kuna mapokezi mengine yanayolieleza jambo hili hatua kwa hatua. Mtu aliyeuliza swali kama hilo aliambiwa kwanza amkumbushe mwizi yule Mwenyezi Mungu. Asiposikia, aombe msaada wa Waislamu walio karibu. Asipowapata, aende kwa mwenye mamlaka. Na mwenye mamlaka akiwa mbali, hapo ndipo apigane kutetea mali yake. Hizo ni hatua tatu kabla ya silaha.

Kwa upande wa sheria, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 26, inalinda uhai wa kila mtu. Inasema uhai hautaondolewa kwa makusudi ila kwa kiasi kilichoruhusiwa na Katiba yenyewe au sheria nyingine iliyoandikwa. Sheria hiyo nyingine ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Fungu la 17 linasema kwamba mtu aliyetumia nguvu kujitetea au kutetea mali atapimwa kwa kanuni za mahakama za Uingereza, zile zilizojengwa na hukumu za majaji miaka na miaka. Kwa hiyo hapa Sondu, katika jambo hili, tunahukumiwa kwa kanuni zilizotoka mbali. Lakini mtaona hazitofautiani sana na tuliyosoma kwenye Minhaj.

MIZANI MITATU

Nitazifupisha kanuni hizo kuwa maswali matatu. Kijana akiyashika haya matatu, mada imemfikia.

Swali la kwanza: je, hatari ilikuwepo wakati ule ule? Si jana, si wiki ijayo. Mtu aliyekuja na panga mkononi ni hatari. Mtu aliyekutukana sokoni mchana si hatari ya usiku. Mahakama zitauliza wewe mwenyewe uliamini nini wakati ule. Ukiamini kwa moyo wa kweli kwamba unashambuliwa, hata kama baadaye itabainika ulikosea, utahukumiwa kwa yale uliyoyaamini. Kanuni hiyo ilithibitishwa katika kesi ya Beckford iliyotoka Jamaica mwaka 1987. Lakini imani hiyo iwe ya kweli, si hadithi ya kutungwa baada ya maiti kulala chini. Jaji ataipima kwa mazingira: kulikuwa na mwanga kiasi gani, yule mtu alikuwa na nini mkononi, alisema nini, alikuwa anakuja au anaondoka.

Wakenya wanakumbuka mwaka 2005, pale Tom Cholmondeley, mwenye shamba kubwa la Soysambu, alipompiga risasi na kumuua askari wa wanyamapori. Alisema alidhani ni majambazi, na Mwanasheria Mkuu akaondoa mashtaka. Watu walikasirika nchi nzima. Mwaka uliofuata mtu mwingine akafa kwa risasi yake shambani humo humo. Safari hii kesi ilisikilizwa, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miezi minane. Nayataja haya kwa sababu "nilidhani" ni neno zito. Wengi waliuliza kama mtu maskini akisema "nilidhani" ataaminiwa vile vile. Ni swali la haki kabisa. Nasi tukitaka neno hilo lisichezewe na mwenye shamba, tusilichezee sisi wa kijijini.

Swali la pili: je, ilikuwa ni lazima? Kulikuwa na njia nyingine? Imam Nawawi, katika Minhaj at-Talibin ambacho masheikh zetu wa Kishafii wamekisomesha Afrika Mashariki yote, amelipanga jambo hili kama ngazi. Mshambuliaji azuiwe kwa njia nyepesi zaidi inayotosha. Ikiwa maneno au kupiga kelele za msaada yanatosha, ni haramu kupiga. Ikiwa mkono unatosha, fimbo ni haramu. Ikiwa fimbo inatosha, silaha ya kukata ni haramu. Na ikiwa unaweza kukimbia ukasalimika, basi kauli inayotegemewa katika madhehebu ni kwamba kukimbia ni wajibu na kupigana ni haramu.

Vijana, sikieni hilo. Sisi tumelelewa na sinema ambazo shujaa hakimbii. Huko Marekani jimbo la Florida lilipitisha sheria mwaka 2005 kwamba mtu aliye mahali pake pa halali halazimiki kurudi nyuma kabla ya kutumia nguvu za kuua. Sheria hiyo haiko Kenya. Kwetu mahakama haisemi kwamba ni lazima ukimbie kila mara, lakini itatazama kama ungeweza kuondoka na hukuondoka. Na Imam wetu amekwisha sema zaidi ya mahakama. Kwa hiyo ukiambiwa umekimbia kama mwanamke, waambie nimekimbia kama Mshafii!

Swali la tatu: je, nguvu ulizotumia zililingana na hatari? Mtu amekuja na ngumi, huwezi kumjibu kwa mshale. Mtu anaiba kuku, huwezi kumlipa kwa roho yake. Katika Bukhari na Muslim kuna kisa cha mtu aliyeng'atwa mkono katika ugomvi. Akauvuta kwa nguvu, meno ya mwenzake yakatoka. Yule aliyeng'oka meno akaenda kudai fidia, na Mtume (S.A.W.) hakumpa. Wanavyuoni wamefahamu hapo kwamba madhara yanayompata mshambuliaji wakati unajinasua hayana fidia. Lakini angekwisha kuutoa mkono wake kisha akarudi kumvunja meno, hukumu ingekuwa nyingine kabisa.

Na hapa ndipo penye kiini cha mada yote.

HATARI IKIISHA, RUHUSA IMEISHA

Haki ya kujitetea inakuja na hatari na inaondoka na hatari. Mtu akikurukia na panga ukampiga rungu la kichwa akaanguka, umejitetea. Akiwa ameanguka, panga limemtoka, ukampiga la pili, hilo la pili si kujitetea. Pigo la kwanza na la pili yanaweza kuwa na tofauti ya sekunde mbili tu, lakini mbele ya Allah (S.W.) na mbele ya jaji ni matendo mawili mbalimbali.

Uingereza kulikuwa na mkulima aitwaye Tony Martin, katika eneo la Norfolk. Mwaka 1999 wezi wawili waliingia nyumbani kwake usiku. Akawafyatulia bunduki, na mmoja wao, kijana wa miaka 16, akafa kwa risasi ya mgongoni. Watu wengi walimwonea huruma mkulima, kwa sababu alikuwa peke yake na alikuwa amekwisha kuibiwa kabla. Lakini mwaka 2000 baraza la mahakama lilimtia hatiani kwa mauaji. Mwaka 2001 kosa lilipunguzwa likawa kuua bila kukusudia, kwa sababu ya hali yake ya akili. Hoja ya kujitetea haikukubaliwa.

Na Waislamu tulilijua hili kabla yao. Katika vita vya Jamal, mwaka wa 36 Hijria, Waislamu walipopigana wao kwa wao, Sayyidna Ali (R.A.) aliwaamuru watu wake wasimfuate anayekimbia, wasimmalize aliyejeruhiwa, na anayetupa silaha yake awe katika amani. Hivyo ni vita kamili, majeshi kwa majeshi! Itakuwaje basi mwizi wa ng'ombe anayekimbilia mtoni ameacha kamba mkononi mwako?

MIFANO YA HAPA KWETU

Mfano wa kwanza ni zizi. Saa nane usiku mbwa wanabweka, unatoka, unawakuta watu wanafungua lango. Piga nduru, amsha jirani, piga simu kwa chifu na kituo cha polisi. Wakikujia na mapanga, jitetee kwa kile ulicho nacho, na mmoja akifa hapo, sheria inakutazama kwa jicho la huruma. Lakini wakikimbia na ng'ombe, kufuata nyayo pamoja na majirani na polisi ni halali, kurusha mshale kwenye mgongo wa mtu si kujitetea. Ng'ombe ni riziki, najua. Ng'ombe mmoja ni karo ya mwaka mzima. Lakini Imam Nawawi amesema kutetea mali ni jambo linaloruhusiwa, si la wajibu. Unaweza kuiacha mali iende na usipate dhambi. Roho ukiitoa pasipo haki, Surat al-Maida aya ya 32 imekufananisha na aliyewaua watu wote.

Mfano wa pili ni sokoni. Mtu anashikwa na simu ya kuiba, mmoja anapiga kelele "Mwizi!", na kabla hujajua kuna mawe na tairi. Hapo hakuna kujitetea hata chembe. Mtu mmoja katikati ya watu hamsini anamtisha nani? Sheria ya Utaratibu wa Makosa ya Jinai, fungu la 34, inamruhusu raia kumkamata anayefanya kosa mbele ya macho yake. Fungu la 35 linamtaka amfikishe kwa polisi bila kuchelewa. Mwisho wa mamlaka yako ni hapo. Na wale wanaosema "mimi nilirusha jiwe moja tu", wasome fungu la 21 la Kanuni ya Adhabu. Watu wakiwa na nia ya pamoja, kosa la mmoja ni la wote. Jiwe lako moja linaweza kukufikisha kizimbani kwa mauaji kama yule aliyewasha kiberiti.

Mfano wa tatu ndio mgumu zaidi, nao ni siku za fujo. Vijana wanaitwa "kulinda kijiji". Kukesha kwa zamu ni halali. Kumzuia anayekuja kuchoma nyumba ni halali, na wala si lazima iwe nyumba yako. Sheria inakuruhusu kumtetea mwenzako kama unavyojitetea mwenyewe, na dini inakuhimiza. Lakini ukivuka barabara kwenda kuchoma nyumba ya mtu wa kabila lile kwa sababu watu wa kabila lake wamechoma huku, wewe sasa ndiye mshambuliaji. Yule mwenye nyumba akikupiga, yeye ndiye anayejitetea! Mama anayeuza nyanya hakuiba ng'ombe wa mtu. Qur'ani imetufundisha katika Surat al-An'am aya ya 164 kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nyingine. Na kabla ya kunyanyuka kwa sababu ya ujumbe ulioingia kwenye simu, kumbuka Surat al-Hujurat aya ya 6, inayotuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu bila kujua.

Al-Ahnaf bin Qays alitoka na silaha yake kwenda vitani katika zama za fitna zile. Akakutana na sahaba Abu Bakra (R.A.), akamuuliza unakwenda wapi, kisha akamwambia arudi. Akamsimulia aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.): Waislamu wawili wakikutana kwa panga zao, aliyeua na aliyeuawa wote ni wa Motoni. Masahaba waliuliza aliyeuawa ana kosa gani, wakaambiwa kwamba naye alikuwa na hamu ya kumuua mwenzake. Tusidhani kwamba kufa katika fujo ni kufa shahidi. Inategemea ulikwenda kufanya nini.

NA UKIVUKA MPAKA?

Kwa sheria ya Kenya, kuua kwa makusudi ni kosa la mauaji, fungu la 203, na adhabu iliyoandikwa katika fungu la 204 ni kifo. Tangu Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi katika kesi ya Muruatetu mwezi Desemba 2017, jaji halazimiki tena kutoa hukumu hiyo ya kifo, lakini miaka mirefu gerezani ipo pale pale. Aliyekuwa anajitetea kweli lakini akazidisha nguvu, kosa lake linaweza kushuka likawa kuua bila kukusudia. Mahakama ya Rufaa ilisema katika kesi ya Mokwa, iliyomo katika ripoti za miaka ya 1976 hadi 1980, kwamba si kila mara kuzidisha kutaleta nafuu hiyo. Kila kesi na mambo yake. Na hata kuua bila kukusudia kunaweza kumpeleka mtu kifungo cha maisha.

Wengine wanadhani Muislamu anaweza kupeleka jambo hili kwa Kadhi. Hapana. Katiba, kifungu cha 170, imempa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Damu ni ya Mahakama Kuu.

Kwa Sharia, aliyeua ndani ya mpaka wa kujitetea, kwa madhehebu yetu, hana kisasi, hana diya wala kafara. Aliyeruka ngazi, akatumia panga pale fimbo ilipotosha, amebeba dhamana ya damu ile. Na hata aliyeua kwa kukosea, Surat an-Nisaa aya ya 92 imemwekea diya na kafara, na asiyepata mtumwa wa kumwacha huru afunge miezi miwili mfululizo. Sisi tuko ndani ya mwezi mmoja, na wengine kufika saa tisa tu tunahesabu dakika za Maghrib. Fikiria miezi miwili, na katika kila siku yake unaliona sura lake yule mtu.

MASWALI

Mama mmoja aliuliza: "Mwanangu, mimi ni mjane, nalala na wajukuu watatu. Mlango ukivunjwa usiku, unataka nimuulize huyo mtu amekuja na fimbo au na panga ndipo nijue nishike nini?"

Hapana, mama yangu. Sheria haikutaki upime kwa mizani ya duka wakati moyo unakuruka. Katika kesi ya Palmer, nayo ilitoka Jamaica, ripoti ya mwaka 1971, majaji walikiri kwamba mtu aliyeshambuliwa hawezi kupima kwa uzani kamili ni pigo la ukubwa gani litatosha. Akifanya lile aliloliona kwa haki kuwa la lazima pale pale, huo ni ushahidi mkubwa kwamba alifanya la sawa. Na ukishalitaja jambo la kujitetea, si wewe unayetakiwa kulithibitisha. Ni upande wa mashtaka unaotakiwa kuonyesha kwamba hukuwa unajitetea. Mtu aliyevunja mlango wa mjane saa nane usiku hawezi kulalamika kwamba hakuulizwa. Ila akigeuka na kutoka, mama, funga mlango na upige nduru. Usimfuate.

Kijana wa bodaboda aliuliza: "Kaka, mwizi ukimpeleka kituoni, kesho yuko nje anakucheka. Sasa tufanyeje?"

Uchungu wako naujua. Lakini kutoka kwa dhamana si kuachiliwa, ni haki ya kila mshukiwa kwa Katiba yetu, na wewe ungeitaka kama ingekuwa zamu yako. Kesi bila shahidi hufa. Nenda ukaandikishe maelezo, chukua namba ya kumbukumbu, na siku ya kesi uwe mahakamani, hata kama ni siku ya soko na utapoteza abiria. Ukimuua, yeye hatarudi kuiba, ni kweli. Lakini wewe utakuwa rumande, piki piki imeuzwa kulipa wakili, na watoto wako wanaitwa watoto wa muuaji.

Mzee mmoja aliuliza: "Ikitokea kweli kijana amejitetea na mtu akafa, afanye nini? Maana wengi hukimbilia Kisumu au Uganda."

Asikimbie, mzee wangu, kwa sababu anayekimbia anaonekana kama aliyefanya kosa. Kama yule mtu bado anapumua, amsaidie kufika hospitali. Asioshe panga, asihamishe kitu. Aende kituoni na mtu mzima, aseme ameshambuliwa na amejitetea, na kabla ya maelezo marefu aombe wakili. Katiba, vifungu vya 49 na 50, inampa haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili, na pale ambapo haki isingetendeka bila wakili, Serikali inatakiwa kumpa mmoja. Na jamaa zake wawaandike majina waliosikia nduru usiku ule, maana majirani wakishakaa kimya wiki mbili, hukaa kimya daima.

KWA KUMALIZIA

Ndugu zangu, saumu imetufundisha kwamba mtu akitutukana au akitutafuta ugomvi, tuseme tumefunga. Haimaanishi tusijitetee. Maana yake ni kwamba mkono wa Muislamu una mwenyewe, hauendi kila unakoitwa. Kijana anayeweza kuacha maji saa nane mchana, jua la Sondu likiwa utosini, anaweza pia kulishusha rungu lake adui akianguka. Ni mazoezi yale yale.

Tunamuomba Allah (S.W.) atukubalie saumu zetu, atuhifadhie nyumba zetu, mifugo yetu na majirani zetu wa kila kabila, na atuepushe tusiwe wenye kudhulumu wala wenye kudhulumiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.